Boti Yako Itabeba Watu Wangapi?

Katika vikundi vingi tunavyotembelea upande huu wa ziwa hakosekani mtu mwenye hamu ya kuwa na boti yake mwenyewe. Wengine wamechoka kukodi. Wengine ni maseremala ambao wanatazama boti zikipita na kusema moyoni, "Kwani mimi nashindwaje?" Hamu hiyo ni nzuri na hatuna nia ya kuizima. Lakini kuna swali moja ambalo karibu kila mara halijibiwi kabla ya mbao kununuliwa. Sisi wenyewe tulilipita, na nusura tupoteze mtoto.

Mwaka 2019 mzee mmoja, mwanachama wa kikundi kimoja kando ya Ghuba ya Winam, alileta ombi la mkopo. Alikuwa fundi wa vitanda na milango, na kazi ya mikono yake ilisifiwa hadi sokoni. Kwa miaka mingi alikuwa pia akivua kwa boti ya mtu mwingine, na kila wakigawana mapato, fungu la mwenye boti lilitoka kwanza. Sasa alitaka kuunda yake. Alikuwa amepiga hesabu ya mbao, misumari na rangi katika daftari la mjukuu wake, ukurasa safi kabisa, na sisi tulioalikwa kushuhudia tuliipenda hesabu ile. Ndipo mama anayeweka mfuko wa kikundi akauliza, "Mzee wetu, hiyo boti itabeba watu wangapi?" Mzee akajibu, "Mama, itabeba wanaotosha." Watu wakacheka, mkopo ukapitishwa. Hata sisi tulicheka.

Kazi ilichukua miezi mitano chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yake. Katikati ya kazi mbao zilipanda bei, naye akaona haya kurudi kwa kikundi kuomba tena. Akafanya vile seremala yeyote angefanya: akapunguza upana. Urefu ulibaki futi 14, lakini kitako kilichopaswa kuwa na futi 4 kikawa na futi mbili na nusu. Halafu, kwa kuogopa mawimbi, vipande vilivyobaki akavipigilia juu ya ubavu ili kuuinua. Tulipopita kuitazama tulisema imependeza. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati na mistari myeupe, na viungo vyake vilikuwa vimebana kama vya kabati.

Siku ya kuiingiza majini alipanda mtoto wake mmoja mkubwa pamoja na mjukuu wa miaka sita. Mzee mwenyewe alisimama ndani akishika kasia ndefu, watu wakipiga vigelegele. Hawakuwa wamefika hata hatua thelathini kutoka ufuoni. Kijana alisimama ili amrushie mtu kamba, na boti ikalala ubavu mara moja, halafu ikageuka juu chini. Maji yalikuwa ya kifuani tu, na watu wazima wawili wakasimama. Mtoto hakuonekana. Alikuwa chini ya boti. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo aliingia na kumvuta kwa mguu. Mtoto alitapika maji, akalia, na kilio kile kilitufurahisha kuliko vigelegele vyote vya asubuhi.

Boti haikuwa na tundu wala ufa. Ufundi wa viungo haukuwa na kasoro. Sasa, kwa nini ilipinduka?

KWA NINI BOTI NYEMBAMBA HUPINDUKA

Chukua kigoda chenye miguu iliyopanuka na kingine chenye miguu iliyokaribiana. Ukiketi upande wa kigoda cha pili, kinakuangusha. Boti ni vivyo hivyo, ila tofauti yake ni kali zaidi. Boti inapoinama, upande mmoja unazama zaidi na maji ya upande huo yanausukuma juu. Hiyo ndiyo nguvu inayoirudisha wima. Nguvu hiyo haipungui sawasawa na upana. Ukipunguza upana hadi nusu, huku urefu na mzigo vikiwa vilevile, haibaki nusu. Inabaki sehemu moja tu kati ya 8. Boti ya mzee ilitoka sentimita 120 ikawa 75. Yeye alifikiri amepunguza kidogo zaidi ya thuluthi moja, kumbe ilikuwa imebaki na robo tu ya uwezo wa kurudi wima.

Jambo la pili ni kimo cha uzito. Mtu aliyeketi chini kabisa anaituliza boti. Mtu aliyesimama amepandisha uzito wa mwili wake hadi kama mita moja juu ya kitako. Siku ile walikuwa wawili wamesimama, tena ndani ya boti ambayo ubavu wake ulikuwa umeinuliwa kwa mbao za ziada. Kwa hiyo zile mbao alizoongeza kwa ajili ya usalama nazo zilikuwa mzigo wa juu.

Haya hatukuyajua kwa akili zetu. Tulifundishwa baadaye na fundi mmoja wa boti aliyetoka pwani, mtu wa maneno machache, ambaye alitusahihisha kwanza lugha. Alisema nyumba hujengwa, lakini chombo huundwa. Halafu akaagiza karai la maji, katoni, mshumaa na pakiti ya sukari ya nusu kilo. Tulidhani anataka chai.

HESABU YA KABLA YA MBAO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Boti inazama mpaka imesukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na vyote vilivyomo, kisha inasimama hapo. Haijali fundi ni nani. Basi ukijua boti yako inasukuma lita ngapi kwa kila sentimita inayozama, unajua itabeba nini.

Tuchukue boti ambayo mzee alikusudia kuunda mwanzoni: urefu mita 4.2, ambazo ni kama futi 14, kitako bapa chenye upana wa mita 1.2, na ubavu wa sentimita 45. Zidisha urefu kwa upana, upate mita za mraba 5 hivi. Lakini boti si sanduku, mbele na nyuma inachongoka. Chukua sehemu 7 kati ya 10, unabaki na mita za mraba 3.5. Boti hiyo ikizama sentimita moja inasukuma lita 35. Maana yake, kila kilo 35 unazoongeza zinaishusha sentimita moja.

Sasa jumlisha uzito. Kwa boti yenyewe, kata kipande cha futi moja cha mbao utakayotumia, kipime kwenye mizani ya duka, halafu uzidishe kwa jumla ya futi zote. Ongeza kidogo, kwa sababu mbao ikikaa majini inakunywa. Wacha tuseme tumepata kilo 130. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Nyavu, samaki, makasia na chakula ni kilo 90. Jumla ni kilo 500. Gawanya kwa 35, unapata sentimita 14 na kidogo. Ubavu ulikuwa 45, kwa hiyo zimebaki sentimita 30 hivi juu ya maji.

Vikundi tunavyofanya kazi navyo sasa vimeshika kanuni ya thuluthi: boti ndogo isizame zaidi ya thuluthi moja ya ubavu wake. Kwa boti hii thuluthi ni sentimita 15, yaani kilo 525 kwa jumla. Mtu atasema hiyo ni hofu ya kupita kiasi, kwani akipanda wa tano na wa sita bado boti inaelea. Ni kweli, asubuhi inaelea. Lakini ninyi wenyewe mnajua upepo wa alasiri unavyotoka ziwani, na wimbi halitaulizia ulivyokuwa asubuhi.

Sasa ile sukari. Fundi alitengeneza boti ya katoni yenye urefu wa sentimita 42, upana 12 na kimo 4 na nusu, akaipaka nta ya mshumaa isinywe maji. Ni boti ileile iliyopunguzwa mara 10 kila upande. Ukipunguza vipimo vyote vitatu mara 10, uzito unapungua mara 1000. Kwa hiyo kilo moja ya ziwani ni gramu moja ya karai, na mtu wa kilo 70 ni gramu 70 za sukari. Pakiti ya nusu kilo ukiigawa mafungu saba yaliyo sawa, una watu saba. Aliyafunga mafungu kwenye vitambaa, akaweka mchanga kidogo chini ili katoni ifikie uzito wa boti yenyewe, gramu 130 kwa jumla. Ile katoni ilipopakiwa watu wanne na mchanga wa gramu 90 badala ya nyavu na samaki, ilizama karibu sentimita moja na nusu, kama hesabu ilivyosema. Akina mama waliokuwa wamekaa nyuma walisogea mbele.

Kisha akatengeneza ya pili, yenye upana wa 7 na nusu. Akafunga mafungu mawili ya sukari juu ya vijiti vya sentimita 10, kama watu waliosimama, akaiweka majini na kuiachia. Ilipinduka kabla hajaondoa mkono vizuri. Mzee alikuwa ameketi karibu na karai. Hakusema kitu. Aliomba airudie mwenyewe, akairudia mara tatu.

Ombi letu kwa kila kikundi kinachotaka kumkopesha mtu pesa za kuunda boti ni hili: msitoe mkopo kabla hajaleta boti ya katoni na karai. Ni jaribio la saa moja, na sukari mnaweza kuinywa baadaye ikiwa haijaanguka majini.

NJIA ZA KUUNDA

Mtu anayeunda boti nyumbani kwa mara ya kwanza ana njia tatu. Ya kuchonga gogo, kama mtumbwi wa mwembe, inataka tezo, subira na mti mnene, na miti ya namna hiyo imeadimika. Isitoshe, gogo haliwezi kukupa upana usiokuwemo ndani ya mti.

Njia ya pili ni ya mbao, mkuku chini na mataruma ndani kama mbavu za ng'ombe. Ndiyo ya boti nyingi mnazoziona ufuoni. Seremala wa vitanda atashangazwa na mambo mawili. Kwanza, misumari ya kawaida haifai, italiwa na kutu. Tafuta iliyopakwa zinki. Mafundi wa pwani, kwa mfano wa Matondoni kule Lamu, hutoboa kwanza kwa keekee, halafu wanaviringisha uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuugonga, ili maji yasifuate msumari. Pili, viungo havibanwi kama vya kabati. Katikati ya mbao na mbao hutiwa pamba iliyosokotwa na kupakwa mafuta, ikagongwa kwa patasi butu. Hiyo ndiyo kalafati. Mbao ikinywa maji inavimba na kuibana pamba. Kwa sababu hiyo boti mpya huvuja siku za kwanza hata ikiwa nzuri. Iache kwenye maji ya magotini siku mbili tatu, ivimbe, ndipo uikaushe na kutafuta panapovuja kweli. Mzee wetu alibana mbao zake kavu bila pamba, na tungoje tu tuone zingefanya nini zikivimba, hatukufika huko.

Njia ya tatu inafaa sana kwa mtu mmoja mwenye vifaa vichache, nayo ni kushona. Msicheke. Mtepe wa visiwa vya Lamu, chombo kilichobeba mizigo pwani hii kwa karne nyingi, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Hata katika ziwa letu, mitumbwi mikubwa ya Wabaganda ilikuwa ya mbao za kushona. Mwaka 1963 huko Uingereza gazeti moja lilitangaza boti ndogo ya mita 3.3 iitwayo Mirror, ya kuundwa na mtu wa kawaida nyumbani kwake. Iliyochora boti hiyo ni mikono ya Jack Holt, na Barry Bucknell, aliyekuwa akionyesha kazi za nyumbani kwenye televisheni, alileta njia ya kushona. Unakata plaiwudi kwa kipimo, unatoboa matundu pembezoni, unashona kwa vipande vya waya wa shaba, boti inajikunja na kupata umbo lake. Halafu ndani ya viungo unapaka gundi isiyoingia maji pamoja na utepe wa nyuzi za kioo. Ziliundwa zaidi ya 70,000, nyingine sebuleni.

Hapa kwetu taabu ya njia hiyo ni plaiwudi. Ya kutengenezea kabati itaachana ikilowa. Ukiambiwa na muuzaji kwamba yake ni ya maji, kata kipande, kichemshe kwenye sufuria saa moja, kikaushe, kisha ujaribu kuzitenganisha tabaka zake kwa kisu. Zikifunguka, rudi nyumbani na pesa zako.

Tusisahau gharama nyingine. Mzee alituonyesha daftari lake baada ya yote, na mbao hazikufika hata nusu ya pesa zote zilizotoka. Misumari, pamba, gundi, rangi, makasia, kamba, nanga na chakula cha waliosaidia kubeba vilikula zilizobaki. Jaketi za kuelea hazikuwa zimeandikwa popote.

Andika jaketi mwanzo wa orodha, ziwe za kimo cha anayezivaa. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kwa juu anapotumbukia. Halafu funga ndani ya boti mitungi mitupu ya lita 20 yenye vifuniko vinavyobana. Kila mmoja, ukiondoa uzito wake, unainua kama kilo 19. Mitungi 6 iliyofungwa kwa nguvu chini ya viti, miwili mbele, miwili nyuma na mmoja kila ubavu, inaisaidia boti iliyojaa maji isizame chini ya watu walioishika. Usiifunge kwa uzi wa gunia. Mtungi uliozama unavuta juu kwa nguvu ya kumbeba mtoto, na uzi hautaustahimili.

KABLA HAIJABEBA MTU MWINGINE

Boti ya mtu binafsi ni mali yake, lakini siku atakapopakia jirani si jambo lake peke yake. Peleka habari kwa kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, kabla ya kugonga msumari wa kwanza, si baada. Ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, iliyoanzishwa mwaka 2004, na kazi yake haiishii baharini, inafika hata ziwani. Watu wanaogopa ofisi. Tumeona lakini kwamba mkaguzi akikuta ubavu ungali wazi anaweza kukushauri uongeze upana. Akikuta umeshapaka rangi, atakuambia tu kwamba haifai.

Na hesabu ikishafanywa, ifuatwe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Namba ilikuwapo, imeandikwa.

Mzee wetu alikaa wiki nyingi bila kugusa boti. Kikundi kiligawanyika, wengine wakitaka iuzwe kuni ili mkopo urudi. Mama wa mfuko ndiye aliyesema mkopo wa haraka haurudishwi na kuni, na kwamba makosa ya siku ile ya kucheka yalikuwa ya wote. Wakaongeza pesa kidogo za mbao. Mzee aliifungua boti yote, akainyoosha misumari iliyonyooka, akaunda nyingine, futi 14 kwa 4, safari hii na pamba. Nje ya ubavu, sentimita 15 kutoka chini, alipiga mstari mwekundu kuizunguka. Ndani, mahali ambapo kila anayepanda anapaona, aliandika kwa rangi nyeupe: WATU 4.

Mara ya mwisho tulipokwenda tulihitaji kuvuka hadi ng'ambo kwa mkutano. Tulikuwa watatu, naye alikuwa na msaidizi wake. Alitutazama, akahesabu kwa kidole akijiweka na yeye mwenyewe, akamwambia mwenzetu mmoja abaki na mikoba mpaka arudi. Yule mwenzetu alibaki ufuoni saa mbili, chini ya jua.